Ngolo Nilizoziona Chini ya Ziwa

Wiki iliyopita mume wangu alinunua buti mpya za mpira za kwendea shambani, akaziacha mlangoni. Nilipoinama kuzisogeza nifagie, harufu ya ule mpira ikanipanda puani, na ghafla nikajikuta nimekaa sakafuni, ufagio mkononi. Mume wangu akauliza, "Vipi, umeona nyoka?" Nikamwambia hapana, ni harufu tu. Akacheka. Simlaumu, hata mimi ningecheka kama ningemkuta yeye amekaa chini hivyo kwa sababu ya buti.

Ndiyo maana nimechukua daftari. Sijui kama nitaandika sawasawa, maana shule yangu iliishia darasa la saba, na mambo yenyewe yalitokea nikiwa na miaka tisa, labda kumi. Mengine nilielezwa na Mama baadaye, na sasa yamechanganyika na yale niliyoyaona mwenyewe, kama mchele na mchanga. Mahali ambapo sina hakika nitasema sina hakika. Na ninyi wa rika langu mliokulia huku juu Umatengoni, nikikosea mtanisahihisha, ila msinicheke kabla sijafika mwisho.

Baba yangu aliitwa Kasiani. Hakuwa mvuvi. Alikuwa na kahawa yake na maharage yake kama baba zenu tu. Lakini kila baada ya mavuno alikuwa anashuka ziwani na magunia mawili matatu ya maharage, anarudi na usipa mkavu, wale dagaa wa ziwani, na nyumba nzima inanuka samaki mpaka tunapigana na paka. Safari moja alipanda boti kutoka Mbamba Bay kwenda Ngumbo kufuata huo usipa. Upepo ukawakuta njiani. Watu watatu waliokotwa ufukweni. Baba hakuokotwa, siku ile wala siku zilizofuata.

Hapo ndipo tulipokwama. Bibi, mama yake Baba, alikataa kilio. Wazee wa ukoo walipokuja kukaa naye aliwauliza, "Mnamlilia nani? Nileteeni mtu nimwone." Misa ilisomwa, yeye hakwenda. Akakataza pia msalaba usiwekwe kwenye makaburi ya ukoo. "Msalaba usio na mtu chini yake unadanganya watu," alisema, na wazee wakaaga wakaondoka, kwa sababu uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Sisemi alikuwa mkorofi. Alikuwa mama aliyemtuma mtoto usipa, basi, na mtoto hajarudi. Ikapita masika moja, ikapita ya pili. Bibi hakutoa chozi hata moja.

Mama naye akabaki katikati, si mke wala si mjane. Kijijini kwetu kulikuwa na seremala, Fundi Gervasi, aliyefiwa na mkewe zamani. Alikuwa mtu wa maneno machache, ana vumbi la mbao kwenye nyusi muda wote. Alitaka kumuoa Mama, tena kwa heshima, kanisani. Padri akamwambia hawezi kutangaza ndoa hiyo mpaka ukoo wa Kasiani wenyewe useme kwamba Kasiani amefariki. Na ukoo, kwa jambo hilo, maana yake ilikuwa Bibi. Niliyajua haya yote kwa sababu kitanda changu kiliegemea ukuta wa jikoni, na ule ukuta ulikuwa na ufa. Nilikuwa nasikiliza, sikatai.

Mimi nilikuwa nataka mambo mawili yasiyoweza kukaa chungu kimoja. Nilitaka Baba asiwe amekufa. Na nilitaka Mama aache kulia jikoni na kunidanganya kwamba ni moshi. Fundi Gervasi hakuwa amenikosea kitu. Ningependa kusema nilimchukia, ingekuwa hadithi rahisi zaidi, lakini si kweli.

Ndipo Mwalimu Otmari, katekista wetu, akatangaza kwamba watoto wa chama cha Utoto Mtakatifu tutapelekwa ziwani, kwenye kile kisiwa ambacho wageni huenda kuogelea na kuangalia samaki. Nilidhani Mama atakataa. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, hakuinua hata uso. "Nenda," akasema. "Ukayaone hayo maji kwa macho yako. Labda ukishayaona utaacha kuniuliza Baba anarudi lini."

Bibi alikuwa pale pale anapukuchua mahindi. "Akayaone," akasema naye. "Na akimkuta baba yake amwambie maharage yanatobolewa na wadudu." Sijui kama ilikuwa mzaha. Kwa Bibi ilikuwa vigumu kujua.

Basi tukashuka na lori asubuhi, na kila kona tuliyokata joto likaongezeka, tukavua masweta moja moja. Mbamba Bay tukahamishiwa kwenye boti la injini. Mwenye boti, kijana wa Kinyasa aliyeitwa Danstani, alikuwa pia ndiye mlinzi wa kile kisiwa na mtembeza wageni. Alitupanga akituvalisha majaketi ya kuelea, akaona tunavyoshikana mikono kwa woga, akasema, "Ninyi Wamatengo mnanishangaza. Mkiona maji mengi namna hii mnatafuta kikombe."

Rafiki yangu Batilda hakuwa mtu wa kuachia neno lipite. "Na ninyi Wanyasa mkiona mlima mnatafuta kasia," akamjibu, na Danstani akacheka mpaka akakaa kwenye ukingo wa boti. Mwalimu Otmari akasema, "Batilda, adabu," lakini yeye mwenyewe alikuwa anacheka. Mimi peke yangu sikucheka. Nilikuwa naangalia maji yanavyopita pembeni na kujiuliza kama ni hapa, au pale, au pale.

Kisiwani nilishangaa tangu mguu wa kwanza. Mchanga ulikuwa mweupe na unaunguza. Kulikuwa na mabanda ya nyasi yasiyo na kuta, mahema mawili, mtumbwi wa plastiki wa rangi ya chungwa, na kibao kilichoandikwa kwamba samaki wa pale hawavuliwi. Jambo hilo lilituchanganya. Batilda aliuliza, "Sasa wanafuga?" Kulikuwa na wageni kutoka mjini, baba mzima na kitambi chake amelala kifudifudi juu ya maji, hatikisiki, mgongo umeelekea juani. Mwenzetu mmoja akaanza kulia akidhani amekufa. Yule baba akainua kichwa, akatema maji kupitia kibomba alichokuwa nacho mdomoni, akatupungia mkono. Mtu amesafiri siku nzima, amelipa kiingilio, ili alale juu ya maji aangalie samaki asiowala! Tulipeana macho. Mimi nilishtuka kwa namna yangu: kumbe maji haya haya yaliyotufanya hivi, wengine wanakuja kuyachezea. Sikuwachukia. Hawakujua. Lakini nilikaa mbali nao.

Danstani alikuwa na miwani moja tu ya kutuachia watoto, ile kubwa inayofunika macho na pua, yenye mpira mweusi, na kibomba cha kupumulia. Tukapanga foleni. Kila mtoto alitakiwa kwanza ateme mate kwenye kioo na kuyapaka kwa kidole, ati kioo kisipate ukungu.

"Mate ya nani?" Batilda akauliza.

"Ya kwako, siyo ya bibi yako."

"Na yale ya aliyetangulia?"

"Hayo ni zawadi."

Zamu yangu ilipofika watu kumi na mmoja walikuwa wamekwisha kutema, au tisa, sikumbuki. Niliivaa hivyo hivyo. Ndipo ile harufu ya mpira ikanifunika uso mzima, harufu iliyonikalisha sakafuni juzi. Nilikuwa sipumui vizuri. Danstani akanishika mkono, tukaenda mpaka maji yakanifika kifuani. Akasema, "Weka uso tu. Usipigane nayo. Nimekushika."

Nikaweka uso.

Kitu cha kwanza kilichonishtua ni kwamba kulikuwa na mahali. Sijui niseme vipi. Kutoka kwetu juu, siku hewa ikiwa safi, ziwa linaonekana kwa mbali, bluu tupu, na mimi nilidhani ni maji tu mpaka mwisho wake, kama maji ya ndoo. Kumbe chini kuna nchi. Kuna mawe makubwa kama nyumba, kuna vichochoro kati ya mawe, kuna mwanga unatembea juu ya vitu vyote kama upepo unavyotembea juu ya ngano. Samaki walipita mbele ya kioo wakiwa bluu kama wino wa shuleni, wengine njano, wengine wana mistari kama soksi za wacheza mpira. Hawakunikimbia. Mmoja alisimama akanitazama usoni, mdomo unafunguka na kujifunga, kama mtu anayetafuta jina langu. Niliinua kichwa nikapiga kelele. Danstani akasema, "Bado. Twende nikuonyeshe mchanga."

Akanivuta kupita yale mawe. Nilikuwa naelea kwa lile jaketi, uso majini, miguu inaning'inia. Mawe yakaisha. Chini kukawa mchanga unaoteremka pole pole kama mteremko wa shamba letu. Na kwenye ule mteremko niliona ngolo.

Aliyezaliwa huku hahitaji kuelezwa. Kwa mgeni nasema hivi: milima yetu ni mikali, ukilima matuta ya kawaida mvua inaondoka na shamba. Kwa hiyo wazee wetu wanafyeka majani, wanayapanga chini mistari ya kwenda na ya kukatiza mpaka mlima unakuwa vyumba vyumba, kisha udongo wa katikati ya kila chumba unachimbwa kufunika yale majani. Kazi ikiisha mlima mzima una mashimo yaliyoshikana kingo, maji ya mvua yanatulia humo, na juu ya kingo unapanda maharage. Hiyo ndiyo ngolo. Hakuna kabila lingine nililowahi kuona likilima hivyo. Nilizaliwa nikabebwa mgongoni ndani ya ngolo. Naijua kama ninavyojua kiganja changu.

Na pale chini zilikuwepo. Mashimo ya duara, yamefuatana mstari kwa mstari mpaka macho yanapoishia kwenye giza la maji. Kingo zake zimeinuliwa vizuri, hakuna lililobomoka. Juu ya kila shimo samaki mmoja mweusi alikuwa anazunguka, kama kunguru anayesubiri mbegu zifukiwe.

Sikupiga kelele. Nakumbuka hivyo kwa sababu nilijishangaa. Nilijua papo hapo. Kati ya watu wote waliozama kwenye ziwa hili, Mmatengo niliyemjua mimi alikuwa mmoja. Na mtu akifika nchi ya ugenini akapata ardhi, atalima namna gani kama si namna aliyofundishwa na mama yake? Nilianza kuvua jaketi. Nilifungua kamba ya kwanza, nikafungua ya pili. Sikutaka kufa, mnielewe. Lilikuwa halinijii hata wazo la kufa. Nilitaka kushuka shambani kwa Baba.

Danstani alinishika ukosi akaninyanyua kama anavyonyanyuliwa kitoto cha mbuzi. Alinirudisha ufukweni mbio, akanikalisha. "Wewe! Unataka kuniua? Unataka nimwambie nini mama yako?" Sasa hivi, nikiwa mama, ndiyo naelewa hofu yake. Wakati ule niliona ananizuia tu.

Mwalimu Otmari akaja. "Umeona nini, mwanangu?"

"Ngolo."

"Ngolo wapi?"

"Kule chini, Mwalimu. Zimelimwa."

Danstani akafuta maji usoni. "Ahaa, yale mashimo! Yale ni ya samaki. Samaki dume anayachimba kwa mdomo. Anabeba mchanga mdomoni, anautema pembeni, anabeba, anatema, mpaka shimo linakamilika. Akimaliza, jike anakuja kutaga."

Watoto wote wakaangua kicheko. Batilda akasema, "Samaki ana jembe!" Mwalimu Otmari alitabasamu tu, naye alikuwa Mmatengo kama sisi. Mimi nilimtazama Danstani nikamwona mwongo mkubwa. Mnyasa atajua nini kuhusu ngolo? Hajawahi hata kuikanyaga. Tena ati dume ndiye anayechimba!

Na ni hapo, kwenye hilo neno, ndipo nilipopigwa na kitu kibaya zaidi. Nilikuwa nimepewa kipande cha muhogo wa kuchoma, nikashindwa kumeza. Kwa sababu kazi ya ngolo ina wenyewe. Mwanaume anafyeka na kupanga majani. Kuchimba na kufunika ni kazi ya mwanamke. Baba hakuwahi kuchimba ngolo hata moja, Mama ndiye aliyechimba zote. Kwa hiyo kama kule chini kuna ngolo nyingi namna ile, zimenyooka vile, kuna mwanamke amezichimba.

Baba ameoa.

Nilikaa na ule muhogo mdomoni. Wenzangu walicheza mpira kwenye mchanga, wakapanda mtumbwi wa plastiki kwa zamu, wakala wali na samaki. Wanasema ilikuwa siku nzuri kuliko zote za utoto wao, na nawaamini. Mimi nilikuwa namwona Mama jikoni na moshi wake wa uongo, na kule chini mwanamke nisiyemjua amefunga kanga kiunoni anachimba, na Baba anampangia majani.

Nyumbani sikusema. Mama aliuliza, "Umeyaona maji?" Nikajibu nimeyaona. Akangoja niendelee, sikuendelea. Siku tatu nne nilikuwa nakula nusu. Nilimkasirikia Baba kwa hasira ambayo sijui mtoto anaitoa wapi. Mama akadhani nimeshikwa na homa ya ziwani, akanikanda kwa maji ya moto.

Jumapili baada ya Misa Fundi Gervasi alikuja. Alikuwa ametengeneza kigoda cha Bibi kilichovunjika mguu, amekibeba begani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba," Bibi akajibu bila kukipokea. "Kiweke hapo. Mwenye mji akirudi atakushukuru."

"Sawa, Mama."

"Umekuja kuleta kigoda au kumsalimia mke wa mtu?"

Mama akainamisha kichwa. Fundi Gervasi alikiweka kile kigoda chini taratibu, akakigeuza geuza kama anatafuta mahali pa tambarare, na mahali pote palikuwa tambarare. Sijui ni nini kilinipata. Labda ni ile shingo ya Mama. Niliinuka nikasema kwa sauti ambayo sikuijua, "Baba mwenyewe ameshaoa!"

Kuku walikuwa wanaparua pale uani. Nakumbuka niliwasikia.

"Ameoa nani?" Bibi akauliza.

"Sijui jina lake. Yuko naye ziwani. Ndiye anayemchimbia ngolo."

Mama alishika mdomo. "Mtoto huyu! Mwalimu Otmari aliniambia hayo mambo. Ni mashimo ya samaki, Mama, alionyeshwa mashimo ya samaki tu…"

"Nyamaza, mkamwana," Bibi akasema, wala hakusema kwa ukali. "Sijakuuliza wewe. Namuuliza aliyeona." Akapangusa mikono kwenye kanga, akanivuta nikasimama kati ya magoti yake. "Haya, mke mwenzangu. Sema. Ziko wapi?"

"Chini ya maji. Karibu na kisiwa."

"Nyingi?"

"Nyingi, Bibi. Kama shamba letu la kule mtoni."

"Zimenyooka?"

"Zimenyooka."

"Mwenyewe ulimwona?"

"Hapana. Walinirudisha."

Alikuwa amenishika mikono yote miwili. Uso wake ulikuwa umebadilika. Sitaki kuongeza chumvi, lakini naamini uling'aa. Kwa masika mbili hakuna mtu aliyemletea habari yoyote ya mwanawe, na sasa nilikuwa nimesimama mbele yake. Akaniuliza polepole, "Zilikuwa na ndevu?"

Hapo lazima nieleze. Baba alikuwa na tabia yake kwenye kupanga majani. Wenzake wanayakata sawa na urefu wa chumba, yakifunikwa hayaonekani. Yeye aliyaacha marefu, ncha zikatokeza nje ya kingo pande zote, na ukipita kwa mbali unajua hili ni shamba la Kasiani, lina ndevu. Walimtania mpaka kanisani. Bibi alikuwa amemfundisha, akamkanya, akamchapa alipokuwa mdogo, hakubadilika. Ngolo zote alizowahi kupanga zilikuwa na ndevu.

Nilijua anachoniuliza. Na nilijua anataka nijibu nini. Ningeweza kusema ndiyo. Nimelifikiria hilo zaidi ya jambo lolote maishani mwangu, hata zaidi ya ndoa yangu: ningeweza kusema ndiyo, na hakuna mtu angenipinga. Lakini nilikuwa bado naziona, zimeviringika, safi, mchanga mtupu.

"Hapana, Bibi."

"Hata moja?"

"Hata moja. Zilikuwa safi pande zote."

Aliniachia mikono.

"Basi si yeye," akasema. "Hata huko hayupo."

Kisha akafungua mdomo akalia. Ile sauti sikuwahi kuisikia kwa binadamu, na nilikuwa nimesikia misiba mingi. Fundi Gervasi alirudi nyuma mpaka akagonga ukuta. Mama alikwenda akamshika, wakaanguka pamoja chini, na kanga ya Bibi ikafunguka, naye hakujali. Majirani wakaanza kukimbilia kwetu kutoka pande zote, mwingine na mwiko mkononi, mwingine na mtoto anayenyonya.

"Mama Kasiani! Nani ametutoka?"

"Kasiani!"

Wakaangaliana. "Kasiani yupi, Mama?"

"Wangu! Kasiani wangu amekufa!"

Walisimama tu. Habari yenyewe walikuwa nayo tangu masika mbili zilizopita. Kisha mama mmoja aliyekuwa anatoka sokoni akautua ungo wake chini, nyanya zikaviringika mpaka kwenye majivu, akashika kichwa akaanza kulia naye. Wakafuata wote. Mimi nilikimbilia nyuma ya nyumba. Nilikuwa nimeelewa jambo moja tu, kwamba Baba alikuwa hai asubuhi, na kwamba nimesema neno moja na sasa amekufa.

Baadaye watu walisema Fundi Gervasi alinifundisha maneno yale ili ukoo ufunguke. Hakunifundisha. Naandika hapa ili ibaki: hakuwahi kusema nami neno lolote juu ya Baba. Wengine walisema Bibi alikuwa mshamba wa kuamini kwamba watu wanalima chini ya maji. Hapo sina hakika. Mama anasema Bibi alikuwa anajua siku zote, ila alikuwa amejifungia ndani na hakuna mtu aliyempa sababu ya kufungua ambayo haikumdhalilisha mwanawe. Huenda. Sikumuuliza alipokuwa hai, niliogopa. Na Danstani alisema kweli. Nimeelezwa baadaye na watu waliosoma, ni samaki dume, anachimba kwa mdomo. Nilimwona mwongo, na popote alipo anisamehe.

Mama hakunipiga. Aliniangalia tu, siku ile na siku nyingi baada yake, na mpaka leo sijui yale yalikuwa macho ya mtu aliyefunguliwa mlango au ya mtu aliyeibiwa.

Matanga yalipokwisha, Bibi alinishika mkono tukaenda mpaka karakana ya Fundi Gervasi. Bibi alikuwa amepungua, kanga ilimzunguka mara mbili.

"Hodi, fundi."

"Karibu, Mama. Shikamoo." Akaacha randa, akasimama.

"Marahaba. Nataka msalaba."

Fundi Gervasi alitazama chini. "Wa mti gani, Mama?"

"Mgumu."

"Niandike jina gani?"

Akalitaja, lote, la ubatizo na la ukoo na la babu. Sikuwahi kulisikia likitajwa lote kwa pamoja.

"Na siku?"

Bibi alifikiri. "Siku anaijua Mungu. Andika jina." Alipogeuka kuondoka akasimama mlangoni, akasema akiwa ametugeuzia mgongo, "Ukishausimamisha, tafuta mshenga. Usije peke yako kama mwizi wa kuku." Akanigusa bega. "Wewe baki umshikie ubao."

Nikabaki. Fundi Gervasi alipima, akaweka alama kwa penseli, akanionyesha pa kushika. Nilikandamiza ule ubao kwa nguvu zangu zote. Msumeno ulipoanza kwenda nilifumba macho nikaomba akosee kipimo. Niliomba ubao uwe mfupi, atuambie mbao zimekwisha, turudi kesho, au wiki ijayo, au baada ya mavuno. Kipande kikaanguka. Akakiokota, akakipuliza, akakilaza juu ya mwenzake kwenye ile nafasi aliyochonga.

Kikaingia sawasawa. Alikuwa fundi mzuri, hilo siwezi kumnyima.